Mtengeneza chokoleti aliyehesabu njaa ya watoto

Kila baada ya miaka michache wadadisi wa tafiti za kaya hupita mitaani na vijijini mwetu. Wanabisha hodi, wanaonyesha vitambulisho, kisha wanaanza: kaya ina watu wangapi, sakafu ni ya saruji au ya udongo, maji mnachota wapi, choo mnatumia peke yenu au na majirani, mtoto jana alikula nini. Mwisho wanafungua mizani na ubao wa kupimia urefu, wanaomba kuwapima watoto. Wazazi wanaokuja kliniki huniuliza, wengine kwa hasira kidogo, urefu wa mtoto unahusiana nini na mfuko wa baba yake. Ni swali la haki. Leo safu hii nimeitoa yote kwa ajili yake, kwa sababu kati ya walioanzisha kazi hiyo yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanalijibu vizuri kuliko mimi. Alikuwa mtengeneza chokoleti.

Benjamin Seebohm Rowntree alizaliwa tarehe 7 Julai 1871 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Seebohm, jina alilojulikana nalo, lilitoka kwenye ukoo wa mama yake. Baba yake, Joseph, alimiliki kiwanda cha kakao na chokoleti. Ukiona KitKat kwenye duka la mtaani kwako, ujue ilianza kutengenezwa York mwaka 1935, katika kiwanda cha familia hii. Walikuwa waumini wa dhehebu la Quaker, ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalijua kwa jina la Kanisa la Marafiki, watu waliofundishwa tangu utotoni kwamba mali ni dhamana na mwenye mali ataulizwa ameitumiaje.

Kijana Seebohm alisoma kemia kwa muda mfupi huko Manchester, akaingia kiwandani mwaka 1889 akiwa na miaka 18. Siku za Jumapili alifundisha shule ya watu wazima, na wanafunzi wake walikuwa vibarua na mafundi wa mjini. Aliwajua kwa majina, akajua na nyumba zao. Mwaka 1895 alitembelea mitaa ya maskini ya Newcastle, na alichokiona huko kilimkaa moyoni.

Wakati huo wenye nacho wengi wa Uingereza walikuwa na maelezo yao kuhusu maskini: wamejitakia. Baba anakunywa, mama hajui kupika wala kubana matumizi, watoto wanadhoofu kwa uzembe wa wazazi. Maelezo hayo hayajafa. Nayasikia hadi leo, wakati mwingine hata kutoka kwa sisi watumishi wa afya, pale mtoto mwenye utapiamlo anapoletwa wodini na mama yake akaanza kuhojiwa kama mtuhumiwa. Rowntree hakuyajibu kwa mahubiri. Aliamua kuhesabu.

Kabla yake alikuwapo Charles Booth, mfanyabiashara wa meli, aliyechunguza London na kukuta karibu theluthi moja ya wakazi wake ni maskini. Watu walistuka, lakini wengi walijifariji kwamba London ni London, jiji kubwa lenye mambo yake. Rowntree akajiuliza hali ikoje katika mji wa kawaida kama wa kwao, wenye kanisa kuu maarufu, reli, kiwanda cha chokoleti na watu wapatao 75,000.

Mwaka 1899 alimwajiri mdadisi, akaongeza na watu wa kujitolea, wakapita nyumba kwa nyumba katika mitaa yote ya wafanyakazi. Hawakuchagua nyumba chache za mfano. Walitaka kuzifikia zote. Walizifikia familia 11,560, zenye watu 46,754. Waliandika idadi ya watu na vyumba, umri wa watoto, kazi ya baba, kodi ya nyumba, bomba la maji na choo vinatumiwa na familia ngapi. Mishahara haikutegemea maneno ya mlangoni. Ilitafutwa kwa waajiri, na pale ilipokosekana ilikadiriwa kutokana na aina ya kazi. Kati ya waajiri hao ilikuwapo kampuni ya baba yake mwenyewe.

Kisha likaja swali gumu zaidi: familia inahitaji kiasi gani ili isiwe maskini? Hapa ndipo kemia ilipomfaa. Zilikuwapo tafiti mpya za lishe, hasa za Mmarekani Wilbur Atwater, zilizopima nguvu ambayo mwili hupata kutoka kwenye kila chakula. Rowntree alichukua kiwango cha kalori 3,500 kwa siku kwa mwanamume mwenye kazi ya wastani, akakipunguza kwa mwanamke na kwa mtoto kulingana na umri, akakigeuza kuwa mlo wa wiki: mkate, uji, maziwa yaliyotolewa mafuta, viazi, jibini, nyama ya nguruwe ya chumvi kidogo. Kakao ilikuwamo pia, na wala hatumlaumu. Nyama mbichi kutoka buchani haikuwamo kabisa. Mlo huo ulikuwa mkavu kuliko ule waliopewa watu waliofikwa hadi kuingizwa kwenye nyumba za maskini za serikali.

Chakula cha baba, mama na watoto watatu kikafika shilingi 12 na peni 9 kwa wiki. Kodi ya nyumba shilingi 4. Nguo, kuni na makaa, taa, sabuni na vidogo vidogo shilingi 4 na peni 11. Shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo jumla ni shilingi 21 na peni 8. Ndani yake hakuna nauli ya treni, hakuna gazeti, hakuna stempu ya kumwandikia barua binti aliyeko mbali, hakuna sadaka, hakuna mwanasesere wala pipi, hakuna tumbaku ya baba. Hakuna daktari wa kulipwa. Rowntree aliubana mstari huo kwa makusudi, ili atakayesoma asije akasema familia zimehesabiwa maskini kwa sababu zimenyimwa anasa.

Sasa weka mshahara pembeni ya hesabu hiyo. Kibarua wa York alipata kati ya shilingi 18 na 21 kwa wiki. Mtu huyo angeweza kuwa hanywi hata tone, anafanya kazi kila siku bila kukosa, mkewe anajua thamani ya kila peni, na bado watoto wao watatu wasingeshiba. Ukiniuliza mimi, huo ndio moyo wa kazi yake yote. Hesabu ya kujumlisha ya darasa la nne iliondoa lawama mabegani mwa mama.

Kitabu chake kuhusu umaskini wa York kilitoka mwaka 1901. Ndani yake maskini walikuwa watu 20,302, yaani asilimia 28 ya mji mzima na asilimia 43 ya tabaka la wafanyakazi. Aliwagawa makundi mawili. Katika umaskini wa kwanza, kipato hakitoshi hata kikitumiwa kwa akili yote. Huko walikuwamo watu 7,230. Katika umaskini wa pili, kipato kingetosha kama sehemu yake isingekwenda kwingine, kwenye jambo la maana au la hovyo. Alipotafuta chanzo cha umaskini wa kwanza, zaidi ya nusu ya waathirika walikuwa kwenye familia ambazo baba ana kazi ya kudumu, ila mshahara ni mdogo. Asilimia 22 walikuwa kwenye familia zenye watoto zaidi ya wanne. Karibu asilimia 16 walifiwa na mtu aliyewalisha. Ugonjwa na uzee asilimia 5. Kukosa kazi kulichangia kidogo kuliko watu walivyodhani.

Kulikuwa na familia chache zilizokubali kuandika kwenye daftari kila kilichonunuliwa na kila kilicholiwa, wiki hadi wiki. Mimi hupenda sehemu hiyo kuliko majedwali. Familia za vibarua zilikuwa zikipata chakula pungufu kwa takriban robo ya kile mwili unachohitaji. Na ilionekana upungufu unaangukia wapi. Baba alilishwa kwanza, kwa sababu asipokula hawezi kazi, na asipoweza kazi wote wamekwisha. Likitokea la dharura, kwa mfano viatu vya mtoto, fedha ilitoka kwenye chakula cha mama na watoto, na mara nyingi baba hakuambiwa. Ndiyo maana nikiwa na mjamzito mwenye upungufu wa damu siulizi tu nyumbani mnakula nini. Nauliza nani anapakuliwa kwanza, na yeye hubakiwa na nini.

Tuje kwa watoto. Rowntree aligawa mitaa ya wafanyakazi katika maeneo matatu: la maskini zaidi, la kati, na la wenye nafuu. Akachukua vifo. Katika eneo la maskini zaidi, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 247 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ni karibu mtoto 1 kati ya 4. Eneo la kati walikufa 184, na la wenye nafuu 173. Katika nyumba za watu wenye watumishi, mji uleule, walikufa 94. Ili msomaji apate kipimo, utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta vifo 33 kwa kila watoto 1,000. York ya 1899 haikuwa na chanjo tulizonazo sasa, wala dawa za kuua bakteria, wala chumvi ya kuongeza maji mwilini. Hata hivyo tajiri naye hakuwa nazo. Tofauti ya 247 na 94 haikuletwa na dawa.

Kisha akafanya lile ambalo wazazi wananiulizia. Alipima urefu na uzito wa watoto wa shule zaidi ya 1,900, akawapanga kulingana na eneo wanakoishi. Wavulana wa miaka 13 kutoka eneo la maskini zaidi walikuwa wafupi kwa inchi 3 na nusu, karibu sentimita 9, kuliko wenzao wa eneo la wenye nafuu, na wepesi kwa kilo 5 hivi. Wote ni watoto wa wafanyakazi, wa mji mmoja, wa rangi moja. Mfuko wa baba ulikuwa umeandikwa kwenye mifupa ya mwana.

Mwili wa mtoto unaandikaje kitu kama hicho? Uzito unakwenda na kurudi. Mtoto akiharisha wiki hii anapungua, wiki ijayo akila vizuri anarejea. Urefu haupungui, lakini unaweza kusimama. Kila mlo uliokosekana, kila homa, kila kuhara kwa sababu ya maji machafu, hula siku kadhaa za kukua. Siku hizo zikiwa chache mtoto hufidia. Zikijirudia miezi na miezi, hasa kuanzia mimba hadi mwaka wa pili wa maisha, mtoto anabaki nyuma na kwa kawaida hafiki tena pale alipopaswa kufika. Tunaita udumavu. Pamoja na urefu, ubongo nao unakuwa umekosa vifaa vya ujenzi.

Najua kuna anayesema sisi kwetu ni wafupi, ni ukoo. Kwa mtu mzima ukoo una neno. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano neno lake ni dogo sana. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza chati za ukuaji zilizotoka mwaka 2006, lilifuatilia watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walikua karibu sawa. Chati iliyomo kwenye kadi ya kliniki ya mwanao imetokana na watoto hao, na ndiyo maana huwa nasisitiza urefu upimwe, siyo uzito peke yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, wa miaka miwili na kuendelea amesimama, bila viatu, na nywele zilizosukwa juu hupotosha kipimo. Kliniki ikipima uzito tu kila mwezi, omba kwa upole na urefu wake uandikwe.

Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, walikuwa 18. Iringa, mkoa unaolisha wengine, zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, na Njombe na Rukwa hazikuwa mbali. Ghala likiwa limejaa mahindi, mtoto anaweza kudumaa kwa kukosa maziwa, mayai, maharage, maji safi, au mtu wa kumlisha mchana mama akiwa shambani. Mdadisi angeuliza mavuno tu asingeliona hilo. Ubao wa urefu unaliona.

Mdadisi akifika kwako, muombe kitambulisho. Una haki pia ya kukataa swali. Akimpima mtoto damu kwa kidole, dai matokeo palepale, ni yako. Kama mtoto ataonekana ana utapiamlo mkali, ataelekezwa kituo cha afya. Mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni dharura, usisubiri Jumatatu. Na usimfiche mtoto aliye dhaifu ili kulinda heshima ya nyumba. Akifichwa, kwenye hesabu ya taifa anakuwa hayupo, na hata uji wa shule hupangwa kwa hesabu hiyo.

Nirudi York. Rowntree hakusifiwa na wote. Helen Bosanquet, mwanamke msomi aliyefanya kazi na jumuiya za misaada, alimpinga hadharani: mishahara mingi ni ya kukadiria, na mstari wenyewe umewekwa juu mno. Naona alikuwa na hoja kwenye la kwanza. Mimi namuongezea lingine. Umaskini wa pili haukupimwa kwa shilingi. Mdadisi aliangalia nyumba, nguo na nyuso za watoto, akasikiliza na majirani, akaandika kwamba hapa pana dhiki. Jicho la mgeni mlangoni linaweza kuona uchafu pale ambapo kuna uchovu tu wa mama mwenye watoto sita na bomba moja kwa mtaa. Tafiti za siku hizi zinajitahidi kukwepa jicho hilo, na ndiyo sababu maswali yao ni makavu: sakafu ya nini, godoro lipo, jana alikula mara ngapi.

Lakini kuna jambo aliloliona ambalo hata wakosoaji hawakulivunja. Umaskini, alionyesha, hauwakai watu walewale maisha yote. Unakuja kwa mawimbi. Mtoto wa kibarua huzaliwa katika dhiki na kukaa humo hadi yeye au kaka zake waanze kazi. Kijana anayejitegemea hupata nafuu. Anaoa, watoto wanazaliwa, anazama tena. Watoto wakikua na kuleta chochote nyumbani, anaibuka. Nguvu zikiisha uzeeni, anazama mara ya mwisho. Ukihesabu siku moja utawakuta asilimia 28, ila waliowahi kupita humo au watakaopita ni wengi zaidi. Tena angalia wimbi la chini linaangukia wapi: utoto, na miaka ileile ambayo mwanamke anabeba mimba na kunyonyesha. Sisi madaktari wa leo tunazungumza sana kuhusu siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Rowntree alikuwa ameonyesha mapema kwamba siku hizo ndizo nyumba ya mfanyakazi huwa haina kitu.

Kitabu kilifika kwa wanasiasa wakati mzuri. Uingereza ilikuwa vitani na Makaburu huko Afrika Kusini, na vijana wengi waliojitokeza kuandikishwa jeshini walikataliwa kwa sababu ya miili dhaifu. Winston Churchill, aliyekuwa mbunge kijana, alikisoma akaguswa. Mwaka 1906 sheria iliruhusu halmashauri kuwapa watoto wenye uhitaji chakula shuleni. Mwaka 1907 ukaja uchunguzi wa afya wa wanafunzi. Mwaka 1908 pensheni ya wazee, ambayo waziri wa fedha David Lloyd George, rafiki wa Rowntree, aliisukuma. Sisemi kitabu kimoja kilifanya yote hayo. Vita peke yake viliwatisha wakubwa. Ila walipotaka kujua tatizo lina ukubwa gani, namba zilikuwa mezani.

Na kiwandani kwake je? Nilipoanza kumsoma hili ndilo lilinitia shaka, kwa sababu ni rahisi kuhesabu njaa ya vibarua wa wengine. Kampuni ilikuwa imeshafupisha siku ya kazi kuwa saa 8 tangu 1896. Mwaka 1906 ikaanzisha pensheni kwa wafanyakazi. Mwaka 1919 wiki ya kazi ikawa siku tano. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa, serikali ilimwita asimamie ustawi wa wafanyakazi katika viwanda vya silaha, na wengi wao walikuwa wanawake. Mwaka 1918 aliandika kitabu kingine kuhusu mahitaji ya mfanyakazi, akitaka mshahara wa chini ushibishe familia yenye watoto watatu, na familia kubwa zaidi ilipwe posho na serikali kwa ajili ya watoto wa ziada. Kuanzia 1923 hadi 1941 alikuwa mwenyekiti wa kampuni.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 65, aliirudia York yote. Wadadisi walipita kwenye familia zaidi ya 16,000. Kwa mstari wa 1899 umaskini ulikuwa umepungua sana. Lakini Rowntree mwenyewe hakuwa tena mtu wa mstari ule. Sasa aliingiza gazeti, redio, michango ya bima na chama cha wafanyakazi, bia kidogo, zawadi kwa watoto. Alikuwa amekubali kwamba mtu haishi kwa kalori tu. Kwa mstari huo mpya, asilimia 31 ya tabaka la wafanyakazi walikuwa maskini, na kati ya watoto wao wa chini ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu. Watoto wachanga ndio waliokuwa maskini kuliko rika lolote chini ya uzee. Matokeo yalitoka mwaka 1941, mabomu yakianguka. William Beveridge alipoandaa mpango wake mkubwa wa bima ya jamii wa 1942, Rowntree alikuwa mmoja wa waliomshauri kuhusu kiwango cha chini cha kuishi. Sheria ya posho ya watoto ilipitishwa 1945. Ililipwa kuanzia mtoto wa pili.

Alirudi York mara ya tatu mwaka 1950, akiwa na karibu miaka 80, akisaidiwa na G. R. Lavers. Safari hii umaskini ulikuwa chini ya asilimia 3 ya tabaka la wafanyakazi, na sehemu kubwa ya waliobaki walikuwa wazee. Magazeti yakaandika kwamba njaa ya Uingereza imekwisha. Rowntree alifariki tarehe 7 Oktoba 1954.

Habari ile njema ilidumu miaka michache. Mwaka 1965 wasomi wawili, Brian Abel-Smith na Peter Townsend, walichukua daftari za matumizi ya familia zilizokusanywa na serikali nchi nzima, siyo za mji mmoja. Wakaacha kuuliza familia inahitaji kalori ngapi. Wakauliza inaishi vipi ikilinganishwa na kile ambacho jamii yenyewe inakihesabu kuwa msaada wa kawaida. Kwa kipimo chao walikuta watu milioni 7.5 wenye kipato cha chini. Milioni 2 na robo kati yao walikuwa watoto, wengi katika nyumba ambazo baba yuko kazini muda wote.